Kupima torki na mtetemo wa msokoto kwenye mitambo ya mota na gia: uchague njia ipi?

Mota inapoendesha kinu kupitia giaboksi, shafti zilizo kati yake husokotwa kama nguo inayokamuliwa, ingawa kwa kiasi kidogo ambacho jicho haliwezi kukiona. Msokoto huo hautulii. Huongezeka na kupungua mara nyingi kwa sekunde kufuatana na umeme unaoingia kwenye mota, namna meno ya gia yanavyokutana na jinsi mzigo unavyopanda na kushuka, na mapigo hayo yakiangukia kwenye frikwensi asilia ya mfumo mzima (kasi ya mapigo ambayo mfumo hutetemeka nayo wenyewe), torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayopita ndani ya shafti yaweza kuizidi kwa mbali ile iliyokadiriwa na mbunifu. Kibaya zaidi ni kwamba mtetemo huu hausikiki kwa mkono uliowekwa juu ya beringi, wala kipima mtetemo cha kawaida hakiuoni vizuri, kwa sababu shafti inaweza kusokotwa mbele na nyuma kwa nguvu kubwa huku kitovu chake kikibaki mahali pake. Habari hufika kiwandani zikiwa zimechelewa: ufa uliolala kwa pembe ya digrii 45 kwenye shafti, mipira ya kapulingi (kiungio cha shafti mbili) iliyosagika, au meno ya gia yaliyong'oka miaka mingi kabla ya wakati wake.

Mfano unaojulikana sana katika fani hii haukutokea kwenye gia bali kwenye jenereta ya mvuke. Katika kituo cha umeme cha Mohave, jimbo la Nevada nchini Marekani, shafti ya jenereta iliharibika mara mbili, Desemba 1970 na Oktoba 1971, kwa sababu frikwensi asilia ya msokoto ililingana na mwenendo wa njia ya umeme iliyofungwa kapasita za mfululizo. Naukumbusha hapa kwa sababu unaonyesha kwamba chanzo kinaweza kuwa upande wa umeme na madhara yakawa upande wa chuma, jambo ambalo mafundi wa idara hizo mbili huwa wagumu kukubaliana.

Anayetaka kupima ana njia kadhaa mbele yake, na wauzaji wa vifaa husifu kila moja kana kwamba zinajibu swali moja. Hazijibu swali moja. Baadhi hupima torki, baadhi hupima mwendo wa pembe, na baadhi hupima umeme tu kisha hukisia torki. Ulinganisho huu unalenga kumsaidia mhandisi wa kiwanda kuchagua kufuatana na swali alilonalo na mahali pa shafti anapoweza kufika.

Mtambo wa kulinganishia

Ili tarakimu zisielee hewani, tuchukue kinu cha mipira cha kusagia klinka (mawe yaliyochomwa ya kutengenezea saruji), cha aina inayojulikana vizuri katika viwanda vya saruji. Tuseme mota ni ya kilowati 1,000 na inazunguka mara 1,490 kwa dakika kwenye umeme wa Hz 50 unaotumika Tanzania, Kenya na Uganda. Giaboksi inapunguza mwendo hadi mizunguko 165, halafu pinioni (gia ndogo inayoendesha) yenye meno 22 inaisukuma gia kubwa yenye meno 220 iliyozungushwa kwenye pipa la kinu, ambalo linageuka mara 16.5 kwa dakika.

Torki kwa nyutonimita ni 9,550 mara kilowati, gawanya kwa mizunguko kwa dakika. Kwa hiyo shafti ya mota inabeba karibu Nm 6,400, ilhali shafti ya pinioni, inayopitisha nguvu ileile kwa mwendo wa polepole, inabeba karibu Nm 57,900. Tofauti hiyo itaamua mambo mengi huko mbele.

Upande wa mtetemo, inesha ya mota (ukinzani wake dhidi ya kubadilishiwa mwendo wa mzunguko) tuiweke kilo-mita za mraba 40. Inesha ya pipa na shehena yake, ikigawanywa kwa mraba wa uwiano wa gia wote ambao ni karibu 90, huonekana upande wa mota kama kilo-mita za mraba 30 hivi. Ikiwa ukakamavu wa shafti na kapulingi zote, nao ukihesabiwa upande wa mota, ni Nm 100,000 kwa radiani, frikwensi asilia ya kwanza inatoka karibu Hz 12. Mota ikizunguka mara 730 kwa dakika, mzunguko wake mmoja unalingana kabisa na frikwensi hiyo. Mota inayokimbia daima kwa 1,490 hupita hapo mara moja tu wakati wa kuwaka. Mota iliyofungwa inveta, kifaa kinachobadili frikwensi ya umeme ili kubadili mwendo, inaweza kuambiwa ikae palepale kwa saa nane.

Pembe au torki

Jambo linalosahaulika mara nyingi kuliko yote ni kwamba pembe na torki havionekani mahali pamoja. Katika mtindo wa kwanza wa mtetemo, mota inayumba upande mmoja na kinu kinayumba upande wa pili, na katikati pana sehemu ya shafti isiyoyumba kabisa. Sehemu hiyo isiyoyumba ndiyo inayosokotwa kwa nguvu zaidi, kwa kuwa pande zake mbili zinavutana. Enkoda (kihisi cha pembe ya mzunguko) iliyofungwa hapo itaonyesha mwendo laini na kumfariji mhandisi bure, wakati geji ya streini (kihisi cha mnyumbuko wa chuma) iliyobandikwa hapohapo itaonyesha torki ikipanda na kushuka kwa kishindo. Hamisha vifaa hivyo hadi ncha huru ya mota, upande wa feni, na majibu yanageuka: enkoda inaona kila kitu, geji haioni chochote, maana hakuna torki inayopita kwenye ncha isiyoendesha kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba bei ya kifaa chochote, inafaa kuwa na hesabu ya msokoto ya mtambo, hata iwe ya inesha tatu au nne tu. Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha pa kupima, na ndiyo inayobadilisha digrii kuwa nyutonimita endapo kilichopimwa ni pembe. Bila hiyo, kipimo cha pembe hubaki kuwa dalili tu.

Mkondo wa mota

Njia rahisi kuliko zote ni kupima mkondo na volteji ya mota, au kusoma torki ambayo inveta yenyewe inaikadiria. Haihitaji kusimamisha uzalishaji, haigusi shafti, na kwa torki ya wastani inatosheleza kabisa: ukijua nguvu ya umeme inayoingia, ufanisi wa mota na mwendo wake, unapata wastani unaoweza kuutegemea. Kila upimaji wa torki, hata ule wa vifaa ghali, unapaswa kulinganishwa na hesabu hii, kwa sababu inakamata makosa makubwa kama kipenyo kilichoandikwa vibaya au uwiano wa gia uliosahauliwa.

Lakini kwa mtetemo, njia hii si ya kutegemewa. Mkondo unaeleza torki iliyo kwenye nafasi ya hewa kati ya rota na stata, si ile iliyo ndani ya shafti, na kati ya hizo mbili kuna inesha ya rota. Tazama mtambo wetu. Tuseme inveta inatoa mawimbi ya torki ya asilimia 1 tu kwenye Hz 12, na ufifishaji wa mtetemo ni asilimia 2 ya ule wa kikomo (ule unaotosha kuuzima mtetemo bila kuyumba tena), kiwango cha kawaida kwa mfumo wa chuma usio na kapulingi ya mpira. Resonansi, yaani mapigo kuangukia kwenye frikwensi asilia, itakuza mawimbi hayo mara 25, na mgawanyo wa inesha utapunguza sehemu inayofika kwenye shafti hadi karibu asilimia 43. Zao lake ni karibu asilimia 11 ya torki ya kawaida, yaani Nm 700 zinazokwenda na kurudi mara kumi na mbili kwa sekunde, huku kioo cha inveta kikionyesha torki tulivu. Tena, tarakimu nyingi zinazotolewa na inveta zimechujwa ili zisomeke kwa urahisi, na kuchuja huko hufuta kilekile kinachotafutwa.

Mkondo ni shahidi mzuri wa jambo moja la ziada: ikiwa kuna mapigo kwenye mkondo yanayolingana na frikwensi asilia ya msokoto, na mapigo hayo yanabadilika pale vigezo vya udhibiti wa mwendo vinaporekebishwa, basi inveta yenyewe inaulisha mtetemo. Hapo dawa ni ya mtaalamu wa inveta, na haigharimu chuma hata kipande kimoja.

Geji za streini na telemetria

Geji ya streini iliyobandikwa ilibuniwa mwaka 1938 na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja peke yake, Edward Simmons huko California na Arthur Ruge huko Massachusetts, na hadi leo sijaona njia inayoishinda kwa mhandisi anayetaka kujua torki halisi ndani ya shafti iliyokwisha kufungwa. Geji nne zinabandikwa kwa pembe ya digrii 45 na mhimili wa shafti, zinaunganishwa kuwa daraja kamili la Wheatstone (sakiti ya vipinzani vinne inayoonyesha mabadiliko madogo ya ukinzani), na kisambaza redio kidogo, ndiyo telemetria, kinafungwa kwenye shafti pamoja na betri yake. Daraja likipangwa vizuri, kupinda kwa shafti, kuvutwa kwake na joto linalopanda sawasawa vinafutana vyenyewe, na kinachobaki ni msokoto.

Kwa shafti ya mota ya milimita 100, Nm 6,400 huleta mkazo wa megapaskali 33 hivi, na kila geji hunyumbuka kwa sehemu 204 kati ya milioni. Daraja lenye geji za kigezo 2 (uwiano wa badiliko la ukinzani kwa mnyumbuko) linatoa karibu milivolti 0.41 kwa kila volti linalopewa. Ni ishara ndogo, lakini vifaa vya leo vinaisoma bila taabu, na hata zile asilimia 11 za mtetemo, sawa na sehemu 22 kati ya milioni, zinaonekana wazi. Kwenye shafti ya pinioni ya milimita 220, ambako torki ni kubwa mara tisa, ishara inakuwa karibu milivolti 0.35 kwa volti. Kwa maneno mengine, geji hazijali ukubwa wa shafti. Fundi anatumia vifaa vilevile na gundi ileile.

Uzuri mwingine ni kwamba hakuna kinachobadilika kwenye mtambo. Shafti haikatwi, ukakamavu haubadiliki, na frikwensi asilia inayopimwa ndiyo ileile iliyokuwepo jana.

Udhaifu wake uko mikononi mwa anayebandika. Chuma kisiposafishwa hadi kiwe kikavu kabisa bila mafuta, gundi itashika kwa siku mbili kisha ianze kuteleza, na torki itaonekana ikipungua polepole bila sababu. Kipenyo cha shafti huingia kwenye hesabu kikiwa kimepandishwa kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo kosa la asilimia 1 kwenye kipenyo ni kosa la asilimia 3 kwenye torki. Pima kwa maikromita, usisome kwenye mchoro. Vumbi la saruji na joto la karibu na kinu vinataka geji zifunikwe vizuri. Usahihi wa jumla, bila ugezi (kulinganisha kifaa na kipimo kinachojulikana) wa kuning'iniza uzito kwenye mkono wa chuma, tuseme ni asilimia 3 hadi 5, na kwa kutafuta mtetemo huo unatosha sana.

Sifuri ndiyo inayowasumbua wengi. Kinu kikisimama, msuguano wa gia na beringi unaweza kufungia torki ndani ya shafti, kwa hiyo kusoma sifuri wakati mtambo umesimama si salama. Fungua kapulingi upande mmoja, andika sifuri, funga tena. Halafu kagua mnyororo wote kwa kuunganisha kipinzani kinachojulikana sambamba na mkono mmoja wa daraja: kipinzani cha kilo-ohm 100 kwenye daraja la ohm 350 lenye kigezo 2 kinapaswa kuonekana kama mnyumbuko wa sehemu 436 kati ya milioni kwa kila geji, yaani zaidi kidogo ya mara mbili ya torki ya kawaida ya shafti ya mota yetu. Ikiwa kompyuta inaonyesha vingine, kosa liko kwenye vifaa, na ni afadhali kulijua kabla kinu hakijawashwa.

Kipima torki cha kufungwa ndani ya mstari

Hiki ni kipande cha shafti au flenji kilichotengenezwa kiwandani kikiwa na geji ndani yake, kikapewa cheti cha ugezi, kwa mfano kwa kufuata kiwango cha Ujerumani DIN 51309. Kwa usahihi hakina mshindani: sehemu ya kumi ya asilimia ni jambo la kawaida. Penye mzozo wa mkataba kuhusu ufanisi wa pampu au giaboksi, ambako asilimia 1 ina thamani ya fedha nyingi, hiki ndicho cha kuchagua, na geji zilizobandikwa na fundi hazitakubaliwa na upande wa pili.

Lakini gharama yake si bei peke yake. Lazima nafasi ipatikane kati ya mota na giaboksi, mota isogezwe, msingi urekebishwe na mpangilio wa shafti upimwe upya. Kinapoingia, kinaongeza uzito na kubadilisha ukakamavu, na hivyo frikwensi asilia inahama: unaweza kupima kwa uangalifu mkubwa mtambo ambao si ule uliokuwa ukivunja kapulingi. Kwenye shafti ya pinioni ya Nm 57,900 kipima cha namna hii kinakuwa kizito na ghali kiasi kwamba sioni kiwanda cha kawaida kikikinunua kwa ajili ya uchunguzi. Mahali pake ni kwenye benchi la majaribio na kwenye shafti za kasi zilizobuniwa tangu mwanzo zikiwa na nafasi yake.

Kuna ndugu yake anayetumika kwenye kompresa na tabo: kapulingi ndefu yenye magurudumu mawili ya meno, moja kila upande, ambapo torki hujulikana kwa kupima jinsi meno ya gurudumu moja yanavyochelewa nyuma ya lingine. Nusu mita ya shafti ya milimita 100 hujisokota digrii 0.23 kwa torki yetu, na kwa mwendo wa 1,490 hiyo ni tofauti ya maikrosekunde 26. Ni kifaa kigumu kisicho na betri wala redio kwenye shafti, kinadumu kwa miaka, nacho kinafaa kufuatilia torki ya wastani ya mashine inayokimbia bila kusimama. Kwa mapigo ya haraka na kwa kuwaka kwa mota si chaguo langu.

Enkoda, meno na mkanda wa milia

Hapa tunahama kutoka torki kwenda pembe. Kihisi kinahesabu mapigo ya meno ya gurudumu, ya enkoda iliyofungwa kwenye ncha ya mota, au ya mkanda wenye milia myeusi na myeupe uliobandikwa kuzunguka shafti, na kompyuta inapima muda kati ya pigo na pigo. Muda ukifupika, shafti imeharakisha, ukirefuka, imesita. Ni njia ya bei nafuu, inayofungwa kwa saa chache, na inaweza kubaki mtamboni moja kwa moja.

Inavyofanya kazi inategemea saa iliyo ndani ya kifaa. Mota yetu inageuka digrii 8,940 kwa sekunde. Kadi ya kawaida inayochukua sampuli 50,000 kwa sekunde inaacha shaka ya maikrosekunde 20 kwa kila pigo, nayo ni sawa na digrii 0.18. Ule mtetemo wa Nm 700 tuliouhesabu unaiyumbisha mota kwa digrii 0.17 tu. Kosa na kinachotafutwa vina ukubwa mmoja. Kihesabio cha megahetsi 100 kinashusha shaka hiyo chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya digrii, na hapo mtetemo unajitokeza wazi. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si idadi ya mapigo kwa mzunguko peke yake bali ni namna muda unavyopimwa.

Mahali nako ni muhimu vilevile. Mtetemo uleule ukitazamwa kwenye pipa la kinu unakuwa kama digrii 0.0025, kwa sababu umegawanywa na uwiano wa gia wote. Anayebandika mkanda kwenye pipa kwa kuwa ni rahisi kufikika anatafuta kitu ambacho kifaa chake hakiwezi kukiona. Ncha huru ya mota ndiyo mahali pazuri, na kwa bahati nzuri mara nyingi ndipo palipo wazi.

Makosa ya nafasi za meno, au ya kiungio cha mkanda, hujirudia kila mzunguko na kuzaa vilele vya uongo kwenye mara moja, mara mbili na mara tatu ya mwendo wa shafti. Njia ya kuvitenga ni kubadilisha mwendo: kilele kinachohama pamoja na mwendo bila kubadili ukubwa wake kwa digrii ni cha mkanda, ilhali kilele kinachobaki kwenye Hz 12, au kinachovimba kila mwendo unapokaribia hapo, ni cha mtambo. Tumia vihisi viwili vinavyokabiliana ili kuyumba kwa shafti kwenye beringi kusihesabiwe kuwa msokoto. Na mwenye gia yenye meno 23 tu akumbuke kwamba haiwezi kuonyesha chochote kilicho juu ya mara kumi na moja na nusu ya mwendo wake.

Leza

Kipima msokoto cha leza kinatuma miale miwili sambamba kwenye shafti, na tofauti ya kasi inayosomwa na miale hiyo inategemea mzunguko peke yake. Shafti ikiyumba upande mzima, miale yote miwili inaona kuyumba kulekule na kunafutika. Hakuna cha kufunga zaidi ya mkanda wa kuakisi. Kwa mshauri anayetembelea mitambo mingi, na kwa shafti fupi zisizo na nafasi ya gurudumu wala geji, ni kifaa cha kupendeza. Kwa kiwanda kimoja ni ghali mno, na ndani ya nyumba ya kinu vumbi litaziba njia ya mwanga kabla kazi haijakamilika. Pia madoa ya mwanga kwenye uso wa shafti hujirudia kila mzunguko, kwa hiyo tahadhari ileile ya vilele vya uongo inahitajika.

Kuhusu vipima mtetemo vya kawaida vilivyofungwa kwenye beringi, si haki kusema havina faida kabisa. Gia hubadilisha sehemu ya msokoto kuwa msukumo wa pembeni, hivyo kilele cha Hz 12 kinachoonekana kwenye giaboksi lakini hakionekani kwenye mota ni dalili ya kufuatilia. Ni dalili tu, wala hakitoi nyutonimita.

Kulinganisha kwa hali halisi

Kiwanda kikiwa kimeondoa kiwashio cha maji na vipinzani na kufunga inveta, na kapulingi ambazo zilidumu miaka kumi sasa zinaharibika ndani ya miezi, ningeanza na geji na telemetria kwenye shafti ya mota, na enkoda kwenye ncha yake huru kwa wakati mmoja, kisha mwendo upandishwe taratibu kutoka chini hadi juu. Geji zinasema ukubwa wa torki, enkoda inathibitisha mtindo wa mtetemo, na jedwali la mwendo linaonyesha mahali pa kukwepa. Viwango vya API (taasisi ya mafuta ya Marekani) kwa kompresa hutaka frikwensi asilia za msokoto zikae mbali na za uchochezi kwa angalau asilimia 10, lakini mtambo wenye inveta unaofanya kazi kati ya mizunguko 600 na 1,490 hauwezi kulikwepa lile 730 kwa kubuni tu. Ama mwendo huo ufungiwe kwenye inveta, ama torki ipimwe na shafti ihakikiwe kwa uchovu wa chuma.

Tatizo likitokea wakati wa kuwaka, chaguo linabaki moja. Mota ya induksheni inayowashwa moja kwa moja hutoa mapigo ya Hz 50 katika mizunguko ya kwanza ya umeme, na mota ya sinkronasi inayowashwa bila inveta hutoa mapigo ya mara mbili ya frikwensi ya mtelezo (tofauti kati ya mwendo wa uga wa umeme na wa rota), yanayoanza Hz 100 ikiwa imesimama na kushuka hadi sifuri inapokaribia mwendo wake, kwa hiyo hupita juu ya kila frikwensi asilia iliyo kati yake. Tukio lote linakwisha kwa sekunde chache. Enkoda bado haina mapigo ya kutosha mwendo ukiwa mdogo, na kipimo cha umeme kinaona mota tu. Geji zinaona torki tangu mwendo sifuri.

Kelele za gia wakati kinu kina mzigo mdogo ni hali nyingine inayohitaji torki yenyewe. Mtetemo ukizidi torki ya wastani, torki inabadilisha alama, meno yanaachana ndani ya nafasi yake na kurudi kugongana. Enkoda inaweza kuonyesha mtetemo uleule kwenye mzigo mkubwa na mdogo, na mhandisi akadhani hali ni moja, kumbe katika mzigo mkubwa meno hayaachani na katika mdogo yanapigana. Mstari wa sifuri ndio unaotenganisha hali hizo mbili, na ndiyo sababu nimesisitiza sifuri ya geji ipatikane kwa kufungua kapulingi.

Kwa ulinzi wa kudumu mapendekezo yanageuka. Betri za telemetria huisha na gundi huchoka, ingawa upo umeme wa kupitishwa kwa sumaku bila waya kwa wanaotaka geji zikae mwaka mzima. Enkoda iliyofungwa vizuri, ikiwa imeshalinganishwa mara moja na geji, inaweza kulinda kinu kwa miaka: unajua tayari kwamba kila sehemu ya kumi ya digrii kwenye ncha ya mota kwa Hz 12 ni nyutonimita 400 hivi ndani ya shafti, na unaweka kengele hapo.

Kiwanda kinachokodi wataalamu badala ya kununua vifaa kiandike kwenye mkataba kwamba kitapewa data ghafi, si picha za grafu peke yake: sampuli zisizopungua 2,000 kwa sekunde kwa torki, muda wa kila pigo kwa enkoda, sifuri ya kabla na baada, kipenyo kilichopimwa, kigezo cha geji na matokeo ya kipinzani cha ukaguzi. Mwendo na mkondo wa mota virekodiwe kwenye kifaa hichohicho vikifuata saa ileile ya kifaa, kwa sababu torki iliyorekodiwa bila mwendo wake haiwezi kuambatanishwa na resonansi yoyote, na kuurudia upimaji kwa ajili ya waya mmoja uliosahauliwa ni kusimamisha kinu mara mbili.